Seti za kufungia redio kwenye gari la 4x4: angalia kinachoshika nyuma

Seti za kufungia redio mpya huuzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni fremu nyembamba ya bati: inaingizwa kwenye tundu la dashibodi, vimeno vyake vinakunjwa kwa bisibisi vishike plastiki, kisha redio inasukumwa ndani mpaka ilie "ta". Ya pili ni breketi mbili za chuma zinazofungwa kwa skrubu ubavuni mwa redio, halafu kwenye chuma cha dashibodi yenyewe. Kwa gari la lami fremu inatosha. Kwa gari la porini hatuipendekezi hata kidogo ikiwa peke yake.

Redio ya DIN mbili, yaani milimita 180 kwa 100 usoni, ikiwa na sehemu ya CD inaweza kukaribia kilo 2, na fremu inaishika mdomoni tu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mkia wake unapanda na kushuka bila kupumzika. Vimeno vinanyooka kimoja baada ya kingine, plastiki inaanza kupasuka kwenye pembe. Utasikia kwanza kugongagonga nyuma ya dashibodi, kisha redio itaanza kuzimika kila ukipita shimo.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, fungua mfuko utafute ukanda wa chuma wenye matundu. Ncha moja hufungwa kwenye bolti ya nyuma ya redio, nyingi ni M5, yaani unene wa milimita 5, na ncha nyingine kwenye chuma kilicho nyuma ya dashibodi, kamwe si kwenye plastiki. Seti nyingi za bei ya chini hazina ukanda huu. Nunua wa mafundi bomba, unafaa kabisa. Ukate kwa kipimo, piga tupa kingo zake na uzungushie tepu ya kitambaa, maana waya zinapita hapohapo. Ukanda ubebe redio bila kuivuta. Ukivuta, uso wa redio utakaa upande. Redio fupi zisizo na CD wakati mwingine hazina mahali pa bolti nyuma. Hizo zifunge kwa breketi, skrubu mbili kila upande.

Skrubu za ndani ya seti zipime. Redio nyingi hutaka M5 yenye urefu wa milimita 8 hivi. Ndefu zaidi inaweza kuingia ndani na kugusa sakiti. Weka springi washa (pete ya chuma inayokaa chini ya kichwa cha skrubu), na tone moja la gundi ya buluu ya kuzuia nati kulegea, ila pale chuma kinapokutana na chuma tu. Gundi hiyo ikigusa plastiki ya dashibodi huweza kuipasua.

Kwenye Toyota nyingi tundu lina upana wa milimita 200, hivyo seti huja na vipande vya kuziba milimita 10 kila upande. Hivyo ni vya urembo, havibebi kitu.

Plagi ya waya inayokuja na seti inaokoa kazi nyingi, lakini usiiamini kabla ya kupima kwa multimita. Waya wa njano lazima uwe na volti 12 hata funguo ikitolewa, mwekundu uwake na funguo tu. Kwenye baadhi ya magari nafasi hizo mbili zimegeuzwa, na redio itasahau stesheni kila ukizima gari. Waya hasi wa spika usiufunge kwenye bodi ya gari. Unaweza kuunguza aplifaya ya ndani.

Ukishapima, chomoa hasi ya betri kabla ya kuanza kuunga waya. Maungio yabanwe kwa vibanio vya shaba na plaisi yake. Kusokota na tepu nyeusi hakudumu: joto la dashibodi linalainisha gundi, tepu inafunguka. Kulehemu nako kunaufanya waya uwe mgumu, na mtikisiko unaukata pale risasi inapoishia. Acha sentimita 15 za ziada ili redio itoke bila kuvuta plagi, kisha funga fungu lote la waya kwa sponji.

Kabla ya kurudisha vifuniko, sukuma uso wa redio kwa kiganja, juu kisha chini. Ikicheza hata kidogo, rudi kwenye ukanda. Kaza tena skrubu baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu.