Chupa ya kapsuli 120 za mafuta ya samaki: nimeimaliza, sinunui tena

Nilianza kumeza haya mafuta baada ya kaka yangu kupata mshtuko wa moyo. Niseme ukweli, ni hofu iliyonunua, si akili.

Kapsuli zenyewe ni kubwa, laini, rangi ya asali. Kuzimeza si kazi. Kazi ni kucheua. Nusu saa baadaye harufu ya samaki inapanda kooni, hata kama umeshapiga mswaki. Nilipozimeza katikati ya mlo ikapungua kidogo. Za mwisho mwisho nikatoboa moja kwa sindano nione: puh! Mafuta yamechacha.

Kilichonikera zaidi ni lebo. Mbele wameandika 1000 mg kwa herufi za kujigamba. Nyuma, kwa maandishi ya kusakwa na miwani, EPA 180, DHA 120, ambazo ni aina mbili za omega-3, mafuta yenyewe yanayotangazwa kwa moyo. Yaani omega-3 hizo mnazofuata ni mg 300 tu. Halafu "hulinda moyo"! Utafiti wa VITAL wa Marekani, uliotoa matokeo 2018, ulifuatilia watu zaidi ya 25,000 kwa miaka mitano hivi: gramu moja ya omega-3 kila siku haikupunguza kwa kiwango cha maana jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Dozi kubwa anazoandika daktari kwa wenye trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) nyingi ni habari nyingine, nazo zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Nyota mbili, moja ni ya kifuniko, kinafunguka bila vita. Kaka anaendelea na statini zake, dawa za kushusha kolesteroli.