Toyota Noah kwa safari ndefu kutoka Tabora: viti vinane, watu sita

Ndugu watazamaji, nawasalimu kutoka Tabora mjini. Gari ninalolichambua leo ni Toyota Noah, toleo la pili, lililoanza kuuzwa Japani mwezi Novemba 2001 na kudumu sokoni hadi mwaka 2007, pamoja na pacha wake aitwaye Voxy, ambaye anatofautiana naye kwa sura na mapambo lakini mwili na injini ni vilevile. Swali langu ni moja tu: familia inapolipakia alfajiri ikielekea Dodoma au Dar es Salaam, gari hili linaihudumiaje njiani? Jibu nalitoa mapema ili mfuate vizuri ufafanuzi wangu. Noah imeandikishwa kwa viti vinane, lakini kwa safari ndefu mimi naihesabu kuwa gari la watu sita, na familia itakayokubali hesabu hiyo itapata gari zuri kuliko mengi yaliyo katika bei yake.

Nianze na barabara, kwa sababu ndiyo iliyolifanya gari hili litufae. Wakazi wa hapa wanakumbuka hali ya njia ya Itigi wakati wa masika, na jinsi wengi walivyolazimika kuzungukia Nzega na Singida ili wafike Manyoni. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, chenye urefu wa kilomita 85.4, kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2022, na tangu hapo lami imeungana kutoka Tabora hadi Manyoni. Zamani mwenye familia alitafuta gari lililonyanyuka, lenye uwezo wa kupita kwenye tope na mchanga. Leo anaweza kuchagua gari la chini lenye nafasi, lakini anapaswa kujua kwamba tatizo lake limebadilika: hatashindana tena na tope, atashindana na mwendo, uzito, joto na uchovu wa saa nyingi.

Kwa upande wa ukaaji, sifa za gari hili ni za kweli. Ile Noah ya kwanza, ya mwaka 1996 hadi 2001, injini yake imelala chini ya viti vya mbele na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, kwa hiyo dereva na mwenzake wanasafiri wakiwa wamekalia joto na mngurumo. Toleo hili la pili injini iko mbele, chini ya boneti, na magurudumu yanayovuta ni ya mbele, isipokuwa kwa yale machache yanayovuta yote manne. Matokeo yake sakafu imeshuka na imekuwa tambarare, mama mzee anaingia bila kunyanyuliwa, na kwa kuwa mkono wa gia haukuwekwa sakafuni, mtu wa mbele anaweza kupita katikati kwenda kumtazama mtoto aliye nyuma gari likiwa limesimama. Milango ya kuteleza iko pande zote mbili, tofauti na toleo la kwanza lililokuwa nao upande wa kushoto tu. Kwenye barabara kuu hilo lina uzuri na hatari yake: wafundisheni watoto washukie kushoto, upande wa majani, na upande wa kulia ufungwe kwa loki ya watoto, maana lori linalopita halimwoni mtoto anayeruka kutoka mlango usiofunguka kwa nje.

Sasa tuje kwenye mzigo, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha uchambuzi wangu. Wajapani wanapokokotoa uzito wa juu wa gari la abiria, kila mtu wanamhesabu kuwa kilo 55. Watu wanane ni kilo 440, na hizo zinajumlishwa na uzito wa gari lenyewe, ambao kwa Noah hii ni takriban tani moja na nusu. Wapakie watu wazima wanane wenye wastani wa kilo 70, tayari wamefika kilo 560, yaani mmezidisha kilo 120 kabla hamjaweka hata begi moja. Na sisi wa Tabora hatusafiri mikono mitupu. Dumu la lita 20 la asali halina kilo 20, lina takriban kilo 28, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Weka madumu mawili ya asali kutoka Sikonge, gunia la mchele la kilo 100 na mabegi ya nguo, gari lenu litakuwa limebeba zaidi ya kilo 280 kupita hesabu ya waliolitengeneza. Lakini baba, mama na watoto wanne wenye wastani wa kilo 35 ni kilo 280 kwa jumla, na hapo inabaki nafasi ya kilo 160 kwa ajili ya asali, karanga na kila kitu mtakachotaka kuwapelekea ndugu.

Nafasi nayo inasema vivyo hivyo. Viti vya safu ya tatu vikiwa vimefunguliwa vyote, pale nyuma panabaki upenyo mwembamba tu kati ya migongo ya viti na mlango. Wenye gari wengi wanatatua tatizo hilo kwa kufunga keria juu ya paa. Mimi sikubaliani na suluhisho hilo kwa gari hili. Noah ina kimo cha karibu mita moja na sentimita 85 na ubavu mpana, na ukiweka magunia juu ya paa unapandisha juu zaidi kitovu cha uzito wake, yaani mahali ambapo uzito wote umeegemea. Mwenye kupita Singida anajua upepo wa kule. Basi likikupita kwa kasi kutoka upande wa pili, hewa yake inalisukuma gari, na gari lenye mzigo juu linachelewa kurudi katika mstari wake. Njia iliyo salama ni kukunja kiti kimoja cha safu ya tatu, ambacho hunyanyuliwa na kufungwa ubavuni, kisha mzigo mzito ulazwe sakafuni ukigusa mgongo wa safu ya pili. Hapo ndipo wasafiri sita wanapopata raha, na mtu mmoja anaweza hata kujinyoosha akalala.

Matairi ndiyo yanayobeba makosa yote ya upakiaji. Matoleo mengi ya kawaida yanatumia matairi ya 195/65 R15, na mara nyingi baada ya namba hizo utasoma 91, maana yake kila tairi linaruhusiwa kubeba hadi kilo 615 likiwa na upepo wa kutosha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja ubavu kila linapozunguka, linajitengenezea joto, na kwa lami ya mwezi Oktoba, wakati jua la Unyamwezi linapowaka kabla ya mvua za kwanza, joto hilo halina pa kwenda. Kiwango cha upepo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kipimeni asubuhi, kabla ya kutembea, na tairi la akiba lipimwe pia. Tazameni na tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri ilhali mpira wake umeshazeeka, na sioni sababu ya kuwapakia watoto juu ya mpira wa namna hiyo kwa zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam.

Kuhusu injini, Noah hii ina 1AZ-FSE ya lita mbili, ambayo mafundi wengi wanaiita D4. Inafunga mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, jambo linalompunguzia mwenye gari hofu ya mkanda kukatika. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa, ili mafuta yaungue vizuri na yatumike kidogo. Gharama ya ufundi huo ni mbili. Kwanza, pampu na nozeli zake hazivumilii petroli yenye uchafu au maji, kwa hiyo mafuta ya kwenye madumu ya kando ya njia yasiingie kabisa katika gari hili. Pili, kwa kuwa petroli haipiti tena kwenye valvu za kuingiza hewa, hakuna kinachozisafisha, na masizi hujikusanya taratibu mpaka injini inaanza kutetemeka ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta) na kukosa pumzi mlimani. Fundi anayeijua D4 atazisafisha. Asiyeijua atabadilisha plagi, kisha koili, kisha atakuomba fedha nyingine. Hapo nakiri wazi kwamba toleo la kwanza, lenye injini ya 3S-FE, ni rahisi zaidi kwa mafundi wa wilayani, na anayeishi mbali na lami simlaumu akilichagua.

Kwenye lami iliyonyooka, likiwa na watu sita na mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, gari hili hunipa kati ya kilomita 10 na 12 kwa lita. Tangi lake ni la lita 60. Kwa hesabu ya tahadhari, tangi lililojaa Tabora linakufikisha Dodoma, umbali wa karibu kilomita 390, likiwa bado na akiba ya kutosha, na sababu ya kununua mafuta njiani inakuwa haipo. Ukipandisha mwendo hadi 120, ubavu na kimo kile kile nilichokitaja kwenye upepo kinaanza kukudai: gari linapiga kelele kwenye vioo, mafuta yanakwenda haraka, na muda unaookoa ni mdogo, kwa sababu kila kijiji kina alama ya 50, matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo). Tukumbuke pia kwamba katika kilomita 100 kwa saa gari linatembea karibu mita 28 kila sekunde, na nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kilomita 80. Ng'ombe hawajui hesabu hiyo, nasi ndio tunaopaswa kuijua kwa niaba yao.

Mahali pa kulipima gari vizuri ni kati ya Manyoni na Bahi, barabara inaposhuka ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo msitegemee breki peke yake. Wekeni gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, mwache injini ilishikilie gari, na breki ziguswe kwa vipindi ili zipate kupoa. Wakati wa kurudi mambo yanageuka, injini inafanya kazi nzito huku viyoyozi vya mbele na nyuma vikiwaka, na rejeta iliyojazwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) itajulikana hapo hapo. Kiyoyozi cha nyuma, kwa wale ambao gari lao limekuja nacho, ni neema kubwa kwa watoto na wazee, kwa hiyo hakikisheni kinafanya kazi.

Usiku sishauri. Taa za Noah zilitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto kama yetu, kwa hiyo mwanga wake unaangukia mahali panapofaa, lakini plastiki yake hufifia kwa jua na umri, na kwenye njia ya Nzega na Singida, inayotumiwa na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, lori lililoharibika linaweza kuwa limeachiwa matawi ya miti tu kama alama. Ondokeni alfajiri, pumzikeni Manyoni watoto wanyooshe miguu, na mlale Dodoma ikiwa dereva ni mmoja.

Kwa mwenye kununua, jambo la giaboksi lisipite. Magari ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 2004 yana gia nne za otomatiki, na ya baadaye yana CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa ndani. Oili zake si moja. Ukiweka ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT, mkanda wa ndani unateleza na giaboksi linakufa, na bei ya giaboksi hilo inaumiza. Ombeni pia kujua kama gari limewahi kubeba abiria kwa biashara: tazameni reli za milango ya kuteleza zilivyolika, na mikanda ya viti vya nyuma, ambayo magari ya namna hiyo huwa imekatwa au kufichwa chini ya vitambaa. Kisha mwombeni muuzaji mtoke nalo kwenye barabara ya Itigi mkiwa watu sita ndani, viyoyozi vyote vikiwa vimewashwa, mwende kilomita 80 kwa saa kwa muda wa nusu saa huku mkitazama mshale wa joto, na mkirudi mjini liegesheni mahali pakavu, msubiri kidogo, kisha mwiname kutazama kama limedondosha chochote.