Kontrola ya feni ya 18,000 kutoka Kariakoo: kitufe nakipenda, pini tatu zimeniudhi

Mambo vipi wadau. Kabla sijasema neno, sikilizeni... Hamsikii kitu, eeh? Na hizo ni feni 4 za milimita 120, zote zinazunguka. Sasa naongeza kidogo... hapo zimeamka. Narudisha. Kimya tena. Jamani, hiki kitufe! Tangu asubuhi nakizungusha tu kama mtoto aliyegundua regulata ya pangaboi.

Hii ni kontrola ya feni za kompyuta, yaani kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo wake, nimeitoa Kariakoo, haina jina wala karatasi ya maelezo, 18,000. Mambo ya taa za rangi nayaruka, mnayajua. Kilichonivuta ni hili tundu la pembeni, la adapta ya volti 12.

Wengi wetu hapa mjini tunatumia mashine za ofisini zilizotumika, zile Dell OptiPlex. Sehemu za kuchomeka feni kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ni za kuhesabu, na pawa saplai yake, inayogawa umeme ndani ya mashine, haikupi waya za ziada. Joto la Dar la mwezi wa pili nalo halina huruma. Ukiwa na tundu hili, feni zinachukua umeme wa nje na waya za mashine huzigusi. Ila wale wanaosema eti unaipunguzia pawa saplai mzigo, hapana bwana. Feni ya kawaida inakula ampea 0.2 hivi, kwa hiyo nne hazifiki hata wati 10. Shida yetu ni pa kuchomeka.

Haya, sasa nililokasirikia. Muuzaji kaniambia inakubali feni zote. Ngoja nisogeze kamera. Hii ni feni ya pini tatu, nachomeka... mnasikia hiyo? Nazungusha kitufe kushoto, mpaka mwisho kabisa. Inavuma vilevile! Narudisha kulia, hakuna tofauti. Chomoa, weka ya pini nne... inatii. Sababu ni kwamba ubao wa kontrola hii unapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye kila tundu la feni, na kitufe kazi yake ni kutuma ishara tu kwenye pini ya nne, mapigo kama 25,000 kwa sekunde. Ya pini tatu ina hasi, ina volti 12, na waya wa kurudisha taarifa ya mwendo. Hiyo ishara itaipokelea wapi? Kaka yangu wa dukani, ungesema tu.

Upande wa adapta, natumia hii ya kamera za CCTV, volti 12, ampea 2, inatosha na chenji inabaki. Ya laptop ya volti 19 msithubutu. Na hata hii, kwanza ipime kwa mita ya umeme. Weka kwenye DC, yaani upande wa volti za adapta na betri, ncha nyekundu ndani ya plagi, nyeusi kwa nje... 12.2. Safi. Ingeonyesha alama ya kutoa kabla ya namba, maana yake chanya iko nje, na ukichomeka hivyo unaweza kuchoma ubao pamoja na feni.

Noctua, kampuni ya feni za kompyuta, nao wana kontrola ya NA-FC1, yenye kitufe kama hiki, na adapta yao ya wati 24 inaitwa NV-PS1. Kazi yao ni safi kuliko hii, nakiri, hii waya zake fupi mno. Lakini uagize nje, ulipie na usafiri... hapana, nabaki na yangu.

Halafu ukizima kompyuta, feni hizi zinaendelea, maana adapta haina habari na mashine. Mimi nimechomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye swichi, nabonyeza, vinalala pamoja.

Video zinahamia Jumamosi, katikati ya wiki umeme wa huku kwetu haueleweki. Mwenye feni za pini tatu asinunue hii. Jumamosi naleta kontrola inayoshusha volti zenyewe, hiyo ndiyo yenu.