Bizimu la Castellani: Kazi ya Roma kwa Mtindo wa Waetruski

Bizimu hili la duara, lenye chapa ya herufi mbili za C zilizopishana upande wa nyuma, lilitengenezwa Roma katika karne ya 19 na karakana ya Castellani, iliyoanzishwa na Fortunato Pio Castellani mwaka 1814. Wapo wauzaji wanaoyanadi mapambo ya aina hii kana kwamba yametoka kaburini, jambo ambalo si haki kwa mnunuzi wala kwa mafundi wenyewe. Hii ni kazi ya masonara walioruhusiwa kuyachunguza mapambo ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, yaliyofukuliwa mjini Cerveteri mwaka 1836, katika kaburi la Regolini-Galassi, wakaazimia kujua yalitengenezwaje.

Thamani yake yote imo katika chembe. Ukingo umezungushiwa safu mbili za chembe za dhahabu ndogo kuliko mbegu za mchicha, na katikati limo ua lililochorwa kwa uzi wa dhahabu uliosokotwa. Ukilitazama kwa lenzi ya sonara, utaona kwamba karibu kila chembe imesimama peke yake, ikigusana na jirani yake kwa nukta tu. Ni kazi ya kustaajabisha. Karibu na pini, hata hivyo, lehemu imetambaa na kuziba nafasi baina ya chembe.

Kasoro hiyo haikutokana na uzembe. Akina Castellani waliisaga lehemu ikawa unga laini, na wakaleta mafundi kutoka Sant'Angelo in Vado, mji mdogo wa Italia ambako ufundi wa kale ulikuwa haujafa. Waetruski walikuwa na njia nyingine: walichanganya madini ya shaba na gundi, na moto ulipoiunguza gundi, shaba ilibaki ikaungana na dhahabu kwenye joto lililo chini ya nyuzi 1064 zinazoiyeyusha dhahabu yenyewe. Njia hiyo ilisajiliwa Uingereza na H. A. P. Littledale mwaka 1933, wakati Augusto, mwana wa Fortunato Pio, alikuwa amekwisha kufariki.

Kwa kuvaa, lafaa kitambaa kizito, kwani hariri huvutwa na uzito wake. Anayetaka kununua la namna hii aombe kwanza picha ya upande wa nyuma, kwa sababu chapa hughushiwa, na akiona madoa ya kijivu ya lehemu ya risasi aliache, maana risasi huila dhahabu pindi inapopashwa moto tena.