Koili za Mazda RX-8: asilia, kopi au seti ya LS, kwa anayetaka masega yadumu

Mwenye RX-8 akilalamika kwamba masega (katalaiza, kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosti) yameziba, fundi anayelijua gari hili haanzi na masega. Anaanza na koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya plagi. Masega ya RX-8 ni nadra kufa yenyewe. Mara nyingi yanaungua kwa sababu koili zilichoka zamani na hakuna aliyeshtuka. Ndiyo maana tathmini hii ni ya koili, ingawa lengo ni kulinda mfumo mzima wa moshi.

Injini ya RX-8, iitwayo Renesis (13B-MSP), haina pistoni. Ina rota mbili za cc 654 kila moja, na kila rota ina plagi mbili: ya chini, yenye alama L, ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuchoma, ya juu, yenye alama T, inamalizia. Kila plagi ina koili yake, jumla nne. Koili ya injini ya kawaida ya pistoni, ile inayokaa juu ya plagi, inatoa cheche mara moja kwa kila mizunguko miwili ya shafti. Ya RX-8 inatoa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika hizo ni cheche 150 kwa sekunde, wakati injini ya pistoni ikiwa kwenye 6,000 inatoa 50 kwa kila koili. Halafu Mazda wakazibananisha zote nne kwenye breketi moja, pembeni ya injini yenye joto kali. Hapo hakuna muujiza wa kudumu.

Cheche ikipungua, petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Kauri inayeyuka, njia inaziba, joto linarudi nyuma. Renesis ina matundu ya moshi kwenye sahani za pembeni, kwa hiyo joto hilo linaishia kwenye sili za rota. Aliyekwepa kununua koili anajikuta ananunua masega, na akiendelea kukaidi, injini.

Koili asilia za Mazda (namba N3H1-18-100, toleo la mwisho likiishia na herufi C) bado ndizo za kununua kwa gari la kila siku. Zinafunga bila kubadili chochote, na kompyuta ya gari imepangiwa muda wake wa kuchaji. Zihesabu kama spea ya kubadilisha kwa ratiba, kama filta: kila kilomita 45,000 hadi 50,000, hata kama gari linaonekana zima. Kasoro yake ni hiyohiyo ya muundo: toleo C limeboreshwa, lakini bado linachoka.

Kopi zisizo na jina zinauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya asilia, na nyingi zinabeba namba ileile ya Mazda, kwa hiyo namba peke yake si ushahidi. Injini ikiwa baridi zinawaka vizuri. Zikishapata moto barabarani, cheche inakatika katika mizunguko ya juu, na asubuhi yake gari ni zima tena. Hizi usinunue, hata za kusogezea siku.

Seti ya LS inatumia koili za V8 za General Motors pamoja na breketi, waya wa kuunganishia na waya za plagi zilizokatwa kwa urefu wake. Ni kubwa na zinavumilia zaidi. Nguvu yote ya ziada hupati bila kurekebisha programu ya kompyuta, lakini uimara peke yake unatosha kuzifikiria. Kwa walioko Ghuba ndizo chaguo letu la kwanza, maana magari ya Chevrolet na GMC yamejaa na koili yake si ya kutafuta. Dar au Nairobi, koili moja ikifa unaagiza nje, kwa hiyo agiza na ya akiba.

Usipime koili kwa mita ya omu. Ndani yake mna transista ya kuwashia, na kipimo kinaweza kukupa namba nzuri kwa koili iliyokufa nusu. Tumia kipima cheche chenye pengo la kurekebisha, injini ikiwa ya moto, au bana taa ya taimingi kwenye kila waya na uangalie mwanga unaoruka. Ule mtindo wa mafundi wa kuchomoa waya mmoja mmoja huku injini inaunguruma, kwenye gari hili ni sumu: kila sekunde unayosikiliza, petroli mbichi inaingia kwenye masega.

Kazi ya kubadilisha ni ya asubuhi moja. Injini ipoe kabisa, toa waya hasi wa betri. Piga jeki mbele kushoto, weka stendi, toa tairi. Plagi unazifikia kwa hapo. Weka alama L1, L2, T1 na T2 (1 ni rota ya mbele, 2 ya nyuma) kwenye kila waya kabla ya kuchomoa, kwa sababu kuchanganya L na T ndilo kosa linalorudisha magari mengi gereji. Plagi za L ni NGK RE7C-L na za T ni RE9B-T, haziingiliani. Badilisha plagi na waya siku hiyohiyo: waya wenye ukinzani uliopanda unaichosha koili mpya. Ukimaliza, rudisha waya wa betri, fungua swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki mara 20 harakaharaka hadi mshale wa presha ya oili ucheze, ili kompyuta ijifunze upya.

Taa ya injini ikimweka, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kisha soma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari: P0301 ni cheche kukosa rota ya mbele, P0302 ya nyuma. P0420 ni masega, lakini usiagize masega kwa msimbo huo peke yake. Toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake: ikizidi psi 3 kwenye mizunguko 2,500, njia imeziba. Gonga masega kwa nyundo ya mpira yakiwa baridi; yakilia kokoto, kauri imevunjika.

Mengine kwa ufupi. Injini hii inakula oili kwa makusudi, kagua kila baada ya kujaza tangi mara mbili. Usiiwashe baridi ukaizima palepale, italowa petroli. Ikilowa, kanyaga mafuta hadi chini huku unapiga stata.

Uingereza gari hili likienda MOT (ukaguzi wa lazima wa magari), kwenye mizunguko ya juu CO (kaboni monoksidi) isizidi asilimia 0.2, HC (petroli isiyoungua) isizidi ppm 200, na lamda (uwiano wa hewa na petroli) iwe kati ya 0.97 na 1.03. Likiendeshwa dakika 20 kabla ya kipimo, na koili zikiwa nzima, hupita. Kenya kwa kawaida haiingizi gari lililozidi miaka 8, na RX-8 iliacha kutengenezwa 2012, kwa hiyo inayouzwa huko leo ni kuukuu kwa vyovyote: uliza risiti ya koili kabla ya kuuliza bei.