Akaunti moja iliyosafishwa, au ya pili ya michezo tu?

Mwanafunzi wa sekondari anayewania nafasi kwenye timu ya chuo kikuu Marekani ana njia mbili za kujionyesha kwa makocha mtandaoni: kusafisha akaunti ya mitandao ya kijamii aliyonayo, au kufungua nyingine ya michezo.

Ya zamani ina wafuasi tayari. Kazi ni kupekua: machapisho ya nyuma, maoni aliyowaandikia wengine, picha alizotegiwa na wenzake. Wengi hukwama hapa, kwani hufuta vyao na kusahau vilivyo kwa marafiki. Na kilichopigwa skrinishoti hakifutiki tena.

Mpya huanza bila doa. Jina liwe halisi, si la utani. Utambulisho utaje mwaka wa kuhitimu, nafasi anayocheza, urefu, shule, wastani wa alama za darasani na barua pepe. Juu kabisa abandike video ya dakika 2 au 3, matukio makali yakitangulia, na mshale umwonyeshe kabla ya kila tukio. Kocha hana muda wa kumsaka kati ya wachezaji wote uwanjani.

Kasoro yake ni kwamba humfanya mtu abweteke. Mtu hudhani ile ya zamani imejificha kwa kuwa ameifanya ya faragha, kumbe mfuasi mmoja anatosha kuisambaza.

Tungechagua mpya, mradi ya zamani nayo ipekuliwe. Kocha akibofya kupenda bila kuandika neno, mwanafunzi asivunjike moyo: kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, humzuia kocha kutoa maoni hadharani kuhusu mchezaji ambaye hajasaini na chuo.