Ndege wa ziwani Mwanza: upige picha toka mtumbwini au nchi kavu?

Kwa hela nchi kavu inashinda bila ubishi. Nenda mwalo wowote (pale wavuvi wanaposhushia samaki) asubuhi, makorongo wanagombania utumbo wa samaki hatua chache tu toka ulipo, hata lenzi ya milimita 200 inatosha, ila nyuma ya ndege utapata ndoo na miguu ya watu.

Mtumbwi unakodi, na bei ni maneno yako, lakini ndo unakufikisha kwenye yale mawe ya ziwani ambapo mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, wanapotandaza mabawa yakauke, unapiga usawa wa macho yao kabisa, hiyo ukiwa juu ya jiwe huipati kirahisi. Shida unayumba, stendi ya kamera haina kazi, pandisha kasi ya shata hadi 1/2000 ya sekunde na mwambie nahodha azime injini mapema mje mnaelea. Kamera kwenye mfuko wa nailoni, laifu jaketi mwilini, upepo ukianza geuzeni.

Una lenzi ya 400 na wenzio wa kuchangia mafuta? Mtumbwi. Lenzi fupi, au maji unayaogopa, baki mwaloni. Mwenye nusu siku tu avuke kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiingilio kipo ila boti ni dakika chache halafu unatembea zako.